Kilomita za gari la mtumba: Namba ipo bandarini, mnunuzi wa Ngara haioni

MSIMU wa kahawa na maharage unapomalizika, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huanza kutafuta mahali pa kuziweka fedha zao. Wapo wanaojenga, wapo wanaoongeza shamba, na wapo wanaonunua gari. Wenye mizigo hutaka pikapu. Vijana walioanza kupata faida katika biashara ya mazao huvutiwa na gari la spoti, hasa Toyota Altezza, ambalo kwa miaka mingi limekuwa kipenzi cha vijana wa mijini nchini.

Awe ni mnunuzi wa pikapu au wa Altezza, swali la kwanza huwa moja: limetembea kilomita ngapi? Dalali huwasha swichi, namba inaonekana kwenye dashibodi, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo. Tatizo ni kwamba namba hiyo inaweza kurudishwa nyuma na fundi mwenye kompyuta ndogo kwa muda mfupi tu, na hakuna chombo chochote kati ya bandari na kijiji ambacho kazi yake ni kumhakikishia mnunuzi kuwa ni ya kweli.

Njia ya magari

Lukole ilijulikana duniani kuanzia miaka ya 1990 kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, ambayo iliwahi kuhifadhi takriban watu 100,000. Kambi hiyo imekwisha kufungwa. Barabara kuu inayopita jirani, kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo kupitia Benaco hadi daraja la Rusumo, imebaki kuwa mojawapo ya njia kubwa za biashara kati ya bandari ya Dar es Salaam na nchi za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Katika njia hiyo hupita magari ya IT, yaani yale yanayosafirishwa kwenda nchi jirani yakiendeshwa na madereva wa kukodi. Gari la aina hiyo likifika Rusumo huwa limekwisha kuongeza zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo wakazi wa eneo hili huona magari ya mtumba kila siku, na ni rahisi kuamini kwamba wanayajua. Lakini kuona magari mengi hakumsaidii mtu kujua historia ya gari moja.

Hasara kwa hesabu

Chukulia mfano wa gari linalouzwa Sh12 milioni, mita ikionyesha kilomita 78,000. Tuseme injini yake, ikitunzwa vizuri, inaweza kufika kilomita 300,000 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo makubwa. Mnunuzi anaamini amenunua kilomita 222,000 zilizobaki, sawa na Sh54 kwa kila kilomita.

Kama gari hilo kwa kweli limetembea kilomita 178,000, zilizobaki ni 122,000 tu. Kila kilomita imemgharimu Sh98, karibu mara mbili. Kwa kipimo cha ile Sh54 aliyodhani analipa, gari hilo lilistahili kuuzwa kwa takriban Sh6.6 milioni. Mnunuzi amepoteza Sh5.4 milioni. Kwa mkulima anayeuza maharage Sh2,000 kwa kilo, hayo ni magunia 27 ya kilo 100 kila moja. Na hapo hazijahesabiwa siku ambazo gari litakuwa gereji wakati mazao yanasubiri sokoni.

Kwa nini hakuna anayehakiki

Kila ofisi ina kazi yake, na kilomita hazimo. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hukadiria kodi ya gari la mtumba kwa kuangalia aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Gari lililotembea sana na lililotembea kidogo, kama ni la aina moja na mwaka mmoja, hukadiriwa sawa. Kadi ya usajili nayo huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na mwaka, lakini haionyeshi kilomita.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua magari katika nchi yanakotoka, na mwaka 2021 ukaguzi ulihamishiwa Dar es Salaam. Lengo la ukaguzi huo ni usalama: breki, taa, usukani, matairi. Gari linaweza kufaulu hayo yote huku mita yake ikiwa imechezewa.

Jambo la kushangaza ni kwamba namba ya kweli mara nyingi huwa imefika nchini. Japani ilianza mwaka 2004 kuandika kilomita kwenye cheti cha ukaguzi wa gari, na gari linapouzwa nje, kilomita huonyeshwa pia kwenye cheti cha usafirishaji. Cheti hicho ni miongoni mwa nyaraka zinazotumika kulitoa gari bandarini. Gari likishapata namba za Tanzania, karatasi hiyo hubaki kwenye faili. Mnunuzi wa pili, wa tatu na wa nne, ambao ndio wengi katika wilaya za pembezoni, hawaioni tena.

Mnunuzi afanye nini

Hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya cheti cha usafirishaji kutoka Japani, pamoja na karatasi ya mnada kama ipo. Muuzaji aliyeagiza gari mwenyewe anapaswa kuwa nazo. Kama gari limepita mikono mingi, zipo huduma za kulipia kwenye intaneti zinazotafuta kumbukumbu za mnada wa Japani kwa namba ya chesisi. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari.

Ya pili ni kulinganisha kilomita na umri. Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho imekwisha kutimiza miaka 20. Mita ikisoma 78,000, maana yake ni chini ya kilomita 4,000 kwa mwaka, kama safari ya kwenda Dar es Salaam na kurudi mara moja na nusu tu. Linawezekana, lakini linahitaji ushahidi. Namba ya usajili nayo husaidia: gari ambalo herufi zake tatu za mwisho zinaanza na B limekuwa katika barabara za Tanzania kwa zaidi ya miaka 10.

Ya tatu ni kufungua boneti. Mafundi wa Japani hubandika stika inayoonyesha kilomita ambazo mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Kwa Altezza na pikapu nyingi za zamani za Toyota zinazotumia dizeli, mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Stika ikisoma 102,000 na mita ikisoma 78,000, hakuna haja ya kuendelea kubishana bei. Stika za kubadilisha oili, ambazo mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango, zisomwe pia.

Ya nne ni kuangalia vitu vinavyoguswa kila siku. Pedeli ya breki iliyolika mpira, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita chache. Gari lenye mita ya zamani ya magurudumu ya namba likaguliwe kama namba zimekaa mstari mmoja. Gari linalotoka Uingereza huonyesha maili: 90,000 kwenye mita yake ni kama kilomita 145,000.

Ya tano ni maandishi. Mkataba wa mauziano utaje kilomita ambazo muuzaji amezitamka, na usainiwe mbele ya mashahidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni vigumu kuyathibitisha.

Wenzetu wamefanyaje

Udanganyifu huu si wa Tanzania pekee. Nchini Marekani, ambako sheria ya kuuzuia ilipitishwa mwaka 1972, mamlaka ya usalama barabarani inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na mita za uongo. Ubelgiji ilichukua njia nyingine. Tangu Desemba 2006, kila gereji nchini humo hutakiwa kutuma kilomita za gari katika kumbukumbu moja ya taifa, na muuzaji hulazimika kumpa mnunuzi hati iitwayo Car-Pass yenye orodha hiyo. Udanganyifu ulipungua sana.

Kwa Tanzania, ambako gereji nyingi zipo chini ya mwembe, kuiga mfumo mzima wa Ubelgiji ni ndoto. Hata hivyo, mambo mawili yanawezekana bila gharama kubwa. La kwanza ni TRA kuingiza kwenye kadi ya usajili kilomita zilizo kwenye cheti cha usafirishaji. La pili ni kuandika kilomita kila umiliki unapohamishwa. Mjanja bado anaweza kurudisha mita, lakini hawezi kuishusha chini ya namba iliyokwisha kuandikwa kwenye kadi.

Mpaka hapo litakapofanyika, mkulima wa Lukole anayepanga kununua gari msimu huu atenge fedha ya fundi wake mwenyewe, asiyeletwa na dalali, na asitoe hata malipo ya awali kabla ya kuiona karatasi ya Japani na stika ya mkanda.