KUPIMA SI USHAMBA: MASTAA ACHENI KUMWAGA RAMU KWA MACHO

HII tabia ya kumwaga ramu kwa macho halafu mtu anajiita fundi wa kokteli, sasa imetosha!

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, kila wikiendi anarusha video akiwa jikoni kwake. Kucha ndefu, muziki juu. Anamimina chupa nzima ya ramu kwenye jagi, anajazia juisi ya pasheni na nanasi, anatupia barafu na majani ya nanaa, kamaliza. Akiulizwa vipimo anacheka, eti kupima ni mambo ya wanafunzi wa kemia, mkono wake unajua. Mashabiki nao wanammwagia makopakopa.

Mkono unajua nini? Pigeni hesabu. Chupa ya 750 ml yenye kilevi asilimia 40, ikichanganywa na juisi kiasi hicho hicho, kila glasi ya 300 ml inabeba ramu 150 ml. Kilevi chake ni karibu sawa na bia mbili na nusu za nusu lita, zile za asilimia 5. Glasi moja tu!

Na kwa kuwa utamu wa nanasi unaficha ukali, mgeni anaikata fasta akidhani ni juisi. Ikifika ya pili, binti wa watu hajui hata simu yake iko wapi, na jamaa aliyekuja na gari ndiyo kwanza anatafuta funguo. Kesho yake mwenye jagi anasema "hawajui kunywa". Watajuaje wakati hawakuambiwa wanachokunywa? Hata baa ya uchochoroni mhudumu anapima toti, maana bosi analinda hela yake. Nyumbani kinacholindwa ni kichwa cha mgeni, na hapo ndipo kipimo kinaonekana ushamba!

Wapambe watasema mbona bibi anapika pilau bila mizani. Sawa, ila bibi kapika pilau hiyo miaka 40, na iliki ikizidi hakuna anayeanguka na bodaboda.

Na wasidanganye watu kwamba kupima kunaua raha. Daiquiri, kokteli ya Cuba inayojulikana dunia nzima, ina ramu, ndimu na sukari, basi. Vijiko vinne vya chakula vya ramu, yaani 60 ml. Viwili vya ndimu iliyokamuliwa muda huo huo. Kimoja na nusu cha sukari iliyoyeyushwa kwenye maji kiasi sawa. Tikisa kwa nguvu na barafu mpaka chombo kipate ubaridi wa kuuma mkono, chuja, kunywa. Hata maji ya barafu inayoyeyuka yana kazi, yanapoza ukali. Ndimu ikizidi inachachuka, sukari ikizidi ramu inapotea. Kuipatia leo na kuirudia vilevile kesho, huo ndiyo ufundi. Ya kumwaga kwa macho hairudiwi, leo tamu, kesho balaa.

Ushauri wa bure kwa dada: andika vipimo kwenye video, mwambie mgeni glasi ina nini, weka msosi na maji mezani, na mwenye gari muitie usafiri. Kiki haitapungua hata kidogo.

Wadau, ukialikwa kwenye jagi la namna hii unauliza lina nini au unakunywa tu? Funguka hapo chini.