Kumchukua mbwa kutoka makao ya wanyama si huruma pekee

MWANANCHI wa kawaida nchini Kenya anapohitaji mbwa wa kulinda boma lake, huomba kijibwa kwa jirani au hununua mmoja kutoka kwa wachuuzi wa kando ya barabara. Ni wachache mno wanaofikiria kwenda kwenye makao ya wanyama waliotupwa. Wengi huichukulia hiyo kuwa shughuli ya matajiri na wageni, wenye nafasi ya kuwahurumia mbwa ilhali kuna binadamu wanaolala njaa.

Dhana hiyo ni potovu, na wanaoigharamia zaidi ni watoto. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mnamo 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, ugonjwa huo ungali unaua. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana nao, na kwamba mbwa ndio huwaambukiza binadamu katika visa 99 kati ya 100. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kunusurika.

Hapo ndipo umuhimu wa makao ya wanyama unapodhihirika. Katika makao ya chama cha KSPCA jijini Nairobi, kwa mfano, mbwa hupewa chanjo na kuhasiwa, na boma analokusudiwa kupelekwa hukaguliwa kabla ya kukabidhiwa mwenyeji wake mpya. Kijibwa cha kando ya barabara hakina dhamana yoyote ya aina hiyo. Mnunuzi hajui iwapo kimewahi kudungwa sindano, wala mama yake alitoka wapi. Isitoshe, mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Asipohasiwa, boma moja huweza kusambaza vijibwa katika mtaa mzima.

Kwa miaka mingi, jibu la mamlaka kwa mbwa wanaozurura limekuwa risasi na sumu. Mbinu hiyo ni ya kikatili, na pia haifui dafu. Mbwa wakiuawa, wengine huzaliwa au huingia kutoka mitaa jirani na kuchukua nafasi yao, nao hawajachanjwa. Kinachokata mnyororo wa maambukizi ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo husika, mwaka baada ya mwaka. Huo ndio msingi wa mkakati uliozinduliwa na serikali mnamo 2014, unaolenga kuangamiza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Hata hivyo, jukumu hili haliwezi kuachiwa vyama vinavyotegemea michango ya wahisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kushughulikia maslahi yao, zikiwemo utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi na kuwatunza wanyama. Kwa hivyo, makao ya wanyama si anasa ya mitaa ya kifahari, bali ni wajibu wa kikatiba sawa na zahanati na masoko. Mpiga kura ana haki ya kumuuliza gavana wake kituo hicho kiko wapi, na bajeti yake ni kiasi gani.

Ni kweli kwamba makao hayawezi kuwameza mbwa wote. Wengi wa wale wanaoonekana wakirandaranda vijijini wana wenyewe, ambao huwafungulia wajitafutie chakula jalalani. Mwenye kumchukua mbwa kutoka makao kisha akamwachilia barabarani, bila kumrudia daktari wa mifugo kwa chanjo za baadaye, amehamisha tatizo tu.

Lakini mwenye boma lenye ua, anayehitaji mlinzi na aliye tayari kumlisha na kumchanja, hana sababu ya kupuuza makao hayo. Atapata mbwa mwenye chanjo, na kibanda kitakachobaki wazi kitampokea mwingine kutoka barabarani. Naye mtoto anayepita hapo asubuhi akielekea shuleni atapungukiwa na hatari moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu, ufa ni mbwa asiyechanjwa.