Shaka Linapouzwa Sokoni

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutajwa pale mgonjwa anapowaficha jamaa zake yanayomsibu. Je, tuseme nini juu ya mtu anayeficha maradhi yasiyokuwa yake peke yake, tena akalipwa ujira kwa kazi hiyo, ilhali homa inazidi kumpanda kila aliyemo nyumbani?

Fikra hii ilinijia siku mwanafunzi wangu mmoja aliponyanyuka darasani na kuniuliza: “Daktari, ikiwa Wamarekani wenyewe, pamoja na elimu yao yote, bado wanabishana kama dunia inapata joto au haipati, sisi tutaaminije?” Wenzake wakanyamaza wakingoja jibu. Swali lile halikuwa la kijinga hata chembe. Lakini mimi ni mwalimu wa isimu, na sikio langu lilinasa katika neno moja dogo: bado. Mwenye kusema “bado wanabishana” huwa amekwisha kubali, pasipo kujua, kwamba ubishi upo na kwamba hukumu haijatolewa. Neno hilo halikuzuka lenyewe. Kuna watu waliotoa fedha nyingi ili litamkwe, nalo likasafiri kutoka Washington hadi kuingia katika darasa letu.

Yafaa ifahamike kwamba miongoni mwa wanasayansi jambo la msingi lilikwisha zamani. Tarehe 23 Juni 1988, James Hansen, mtaalamu wa shirika la NASA, aliieleza kamati ya Seneti ya Marekani kwamba alikuwa na hakika ya asilimia 99 kuwa ongezeko la joto lililokuwa likipimwa halikuwa badiliko la kawaida la maumbile. Mwaka huo huo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu hapa Nairobi, likishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, liliunda jopo la mataifa la kuchunguza tabianchi, yaani IPCC. Mnamo 2021 jopo hilo lilitamka bayana kwamba hapana shaka kuwa binadamu ndiye aliyelipasha joto anga, bahari na nchi kavu.

Ifahamike pia kwamba chama cha Republican hakikuzaliwa na ukanushaji tumboni. Katika kampeni za 1988, George H. W. Bush, mgombea wa chama hicho, aliahidi kutumia uwezo wa Ikulu kupambana na ongezeko la joto duniani. Mwaka 1992 alitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, na Seneti ikauidhinisha mwaka huo huo. Mwaka 2008, John McCain, aliyepeperusha bendera ya chama hicho hicho, aliwania urais akiwa na mpango wa kuwekea viwanda kikomo cha hewa ya ukaa. Basi ni kitu gani kilichokigeuza chama kizima kikayakana maneno ya wazee wake?

Jibu la kwanza ni biashara. Mbinu yenyewe ilikuwa ya kuazima. Makampuni ya sigara, yalipobanwa na matabibu, yaligundua kwamba si lazima kuthibitisha kuwa tumbaku haidhuru. Inatosha kuwafanya watu waone kuwa jambo halijajulikana. Waraka wa kampuni moja wa mwaka 1969 ulikiri kinagaubaga kwamba bidhaa yao ni shaka. Wauzaji mafuta na mkaa wa mawe wakairithi bidhaa hiyo. Mwaka 1998, gazeti la New York Times lilifichua mpango uliotayarishwa chini ya mwavuli wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, uliosema kwamba ushindi utapatikana siku ambayo raia wa kawaida watazingatia mashaka yaliyomo katika sayansi ya tabianchi. Na haya yalitendeka ingawa wanasayansi wa kampuni ya Exxon walikuwa wamewaonya wakubwa wao tangu miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba makadirio yao ya joto yalikuwa sahihi kwa kiwango cha kustaajabisha.

Jibu la pili ni lugha yenyewe. Mnamo 2002, Frank Luntz, mshauri wa chama cha Republican katika mambo ya maneno, aliandika waraka akiwahimiza wanasiasa wa chama hicho waseme “mabadiliko ya tabianchi” badala ya “ongezeko la joto duniani,” kwa kuwa istilahi ya kwanza haitishi kama ya pili. Aliwahimiza pia waendelee kulipigia debe lile lile la kutokuwapo kwa hakika. Istilahi hiyo hakuibuni yeye, kwani wanasayansi walikuwa wakiitumia kabla yake. Alichokifanya ni kupima uzito wa maneno mawili na kuchagua lililo jepesi. Mwaka 2019 Luntz alifika mbele ya kamati ya maseneta na kukiri kwamba alikosea. Lakini mshale ulikuwa umekwisha toka upindeni.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo penye hila yote. Shaka la mwanasayansi ni tunu. Huuliza: ni nyuzi ngapi za joto, baada ya miaka mingapi, mvua itapungua wapi na kuzidi wapi? Ni shaka linalotafuta jibu, na likilipata hutulia. Shaka la mfanyabiashara halitafuti jibu, bali hulikimbia, maana siku jibu litakapopatikana bidhaa haitanunuliwa tena. Mashaka haya mawili yanaitwa kwa jina moja, na wajanja walitumia heshima ya la kwanza kuliuzia umma la pili.

Vyombo vya habari navyo haviwezi kunawa mikono. Mwandishi hufunzwa kuzisikiliza pande zote mbili, na mafunzo hayo ni mema panapokuwa na mzozo wa maoni. Lakini vipimo vya joto si maoni. Utafiti wa Maxwell Boykoff na Jules Boykoff, uliochapishwa mwaka 2004, ulichunguza magazeti manne makubwa ya Marekani kati ya 1988 na 2002, ukagundua kwamba zaidi ya nusu ya makala yalizipa pande mbili uzito sawa, kana kwamba wataalamu wa dunia nzima na wakanushaji wachache wamegawana ukweli nusu kwa nusu. Hiyo si mizani, bali ni jiwe lililofichwa chini ya mizani. Shirika la BBC liliwaambia watumishi wake mwaka 2018 kwamba si lazima kumwita mkanushaji ili kuweka usawa. Huo ulikuwa mwaka wa 30 tangu Hansen atoe ushahidi wake.

Wakati huo vyama vilikuwa vimekwisha pinda. Mwaka 2010, Bob Inglis, mbunge mhafidhina wa South Carolina, alibwagwa vibaya katika mchujo wa chama chake, na yeye mwenyewe amesema kwamba kuikubali sayansi ya tabianchi kulichangia kuanguka kwake. Wenzake waliliona hilo, wakafunga midomo. Mwaka 2015, Seneta James Inhofe aliingia Seneti na donge la theluji, akalirusha kama ushahidi kwamba dunia haipati joto. Na mwezi Septemba 2025, Rais Donald Trump, aliyekuwa ameamuru nchi yake ijitoe kwa mara ya pili katika Mkataba wa Paris, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akayaita mabadiliko ya tabianchi utapeli mkubwa kupita wote uliopata kufanyiwa ulimwengu.

Pengine mtu atasema: hayo ni ya Wamarekani, yatuhusu nini? Nchi hiyo peke yake imetoa takriban robo ya hewa ya ukaa yote ambayo binadamu wameimwaga angani tangu enzi za viwanda zianze. Nasi tangu mwishoni mwa 2020 tulikosa misimu mitano mfululizo ya mvua katika nyanda kame. Mwaka 2023, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kwamba ongezeko la joto liliufanya uwezekano wa ukame huo kuwa mkubwa angalau mara 100. Mfugaji wa Marsabit aliyehesabu mizoga ya ng'ombe wake hakuwahi kualikwa kwenye mjadala wa pande mbili.

Walimu wenzangu, hatuwezi kupiga kura katika Seneti ya Marekani. Tunachoweza ni kuwafunza vijana wetu kuyahoji maneno kabla hawajayabeba. Mwanafunzi akisoma kwamba wataalamu “bado wanabishana,” na aulize: ni akina nani hao, wanabishana juu ya nini hasa, na ni nani anayefaidika wakiendelea kubishana? Hilo ni zoezi la ufahamu kama mazoezi mengine, na halihitaji maabara wala fedha.

Nami nilimjibu mwanafunzi wangu hivyo. Nilimwambia kwamba kushuku ni haki yake na ni mwanzo wa elimu, ila kabla ya kulipokea shaka lolote na aligeuze kwanza, atazame limeandikwa bei gani na linauzwa na nani.