Askari ni Wetu, Kauli ni ya Nani?

Tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile vijana walipoingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince, Haiti. Baraza la Usalama lilikuwa limebariki safari hiyo kwa Azimio 2699 la Oktoba 2023. Baraka ilitoka, pesa haikutoka. Gharama ziliachiwa mfuko wa hiari, na kikosi kilichopangiwa askari 2,500 hakikufika hata nusu yake. Februari 2025 Marekani ikasimamisha sehemu ya mchango wake. Septemba mwaka huo Baraza likaamua kikosi kigeuzwe kuwa kingine, cha watu 5,500. Wako askari wetu waliorudi katika majeneza.

Somalia hali ni hiyo hiyo. Azimio 2719 la Desemba 2023 liliruhusu Umoja wa Mataifa kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za vikosi vya Umoja wa Afrika. Marekani ikapinga utaratibu huo usitumike huko, na AUSSOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko, ikaanza kazi Januari 2025 bila uhakika wa fedha. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa wenyewe ulitangaza kupunguza robo ya walinda amani wake duniani, kwa kuwa wakubwa hawajalipa.

Wenye kura ya turufu wanavutana, na kila mmoja anatazama maslahi yake. Wanachokubaliana kwa urahisi ni kwamba askari wa kwenda watoke Kenya, Uganda, Burundi, Ethiopia, Bangladesh au Nepal. Mpango huu siukubali. Anayetoa mtoto wake lazima awe na kauli katika kuamua anakwenda kufanya nini, kwa pesa ya nani, na atarudi lini.

Kuna swali jingine ambalo sisi wa Kimilili tuna haki ya kuliuliza kwa sauti, nalo ni la kazi yenyewe. Kati ya 2006 na 2008 ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF. Watu waliuawa, wengine wakakatwa masikio, na maelfu wakateremka kutoka Mlima Elgon kutafuta hifadhi huku chini. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha, na kundi hilo likavunjika haraka. Hilo ni la kushukuru. Lakini wanaume walikusanywa katika kambi ya jeshi ya Kapkota na kuteswa, wengine walichukuliwa wasionekane tena, na mgogoro wa ardhi ukabaki pale pale. Ilibidi Wabukusu, Wasabaot na Wateso waketi Mabanga mwaka 2011 waseme yale ambayo bunduki haikuweza kuyasema. Goma, mashariki mwa Congo, nayo ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 huku MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikiwa mjini humo. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichoongozwa na Mkenya, kilikuwa kimeshaondoshwa Congo mwishoni mwa 2023. Mahali ambapo wenyewe hawajapatana, au jirani anachochea moto, askari wa kulinda amani hulinda kituo chake tu.

Katiba yetu, ibara ya 240, inataka Bunge liidhinishe majeshi kwenda nje kwa kazi ya amani. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba ruhusa hiyo haiwahusu polisi, na bado walipelekwa Haiti miezi mitano baadaye. Hata wanajeshi wakifa hatuambiwi: baada ya shambulio la El Adde, Somalia, la Januari 2016, familia zilikaa miaka mingi bila serikali kutangaza idadi ya waliokufa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Bungoma na Trans Nzoia: safari ijayo ikiletwa mbele yenu, msipige kura kabla ya kuonyeshwa kwa maandishi nani analipa, mazungumzo gani ya kisiasa yanaendelea huko, nani atachunguza askari wakidhulumu raia, na mjane atalipwa nini na lini. Yasipokuwapo hayo, pigeni kura ya hapana.