Ajali za mjengo zina kinga

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Kila fundi aangukapo kutoka jukwaani, au kibarua afukiwapo na udongo akichimba msingi, mwenye mradi huinamisha kichwa, akatoa pole zake na kuikariri methali hiyo. Kesho yake kazi huendelea. Sidhani kuna mahali ambapo busara ya wazee wetu hutumiwa vibaya kuliko katika mjengo.

Wako wanaodai kwamba tunachokosa ni teknolojia. Wanaodai hivyo na wayatazame majengo yanayochipuka jijini Nairobi na kule Mombasa. Winchi ndefu zimesimama juu yake, na lifti za vifaa hupanda na kushuka kutwa nzima. Hata hivyo, mnamo Agosti 2021 winchi ya aina hiyo iliporomoka mtaani Kilimani, Nairobi, na kuwaua watu wasiopungua wanane. Mashine huongeza kasi na kimo. Na kadiri jengo linavyopanda, ndivyo kosa dogo linavyogeuka maafa. Winchi ya kisasa ina kifaa cha kupima mzigo na king'ora cha kuonya. Lakini king'ora kitamfaa nani ikiwa msimamizi ameamuru kazi isisimame?

Yafaa tujifunze kutoka kwa wenzetu. Daraja la Golden Gate la San Francisco, Marekani, lilijengwa kati ya mwaka 1933 na 1937. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliwalazimisha wafanyakazi kuvaa kofia ngumu, na chini ya daraja ukatandazwa wavu uliogharimu dola zipatazo 130,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Wavu huo uliwadaka wanaume 19 ambao vinginevyo wangeangamia baharini. Hata hivyo, Februari 17, 1937, jukwaa zito liling'oka, likaurarua wavu ule na watu 10 wakafa. Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, kinga ipo, wala si lazima iwe ya ajabu: wavu, kofia na mkanda. Pili, kinga isiyokaguliwa pamoja na vyote vilivyo juu yake haimtoshi mtu.

Hapa Kenya hatuna uhaba wa sheria. Kanuni za usalama katika ujenzi zipo tangu mwaka 1984. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Aidha, inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa kabla hatari hiyo haijaondolewa. Sheria nyingine ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya majeraha. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Kwa nini basi watu wanaendelea kufa? Jibu liko langoni. Kila alfajiri vijana hujipanga nje ya mabati wakiomba kazi ya siku moja. Kibarua aliyeingia ndani anajua kwamba akikataa kupanda jukwaa linaloyumba, mwenzake aliye nje atalipanda. Haki yake imo kitabuni, lakini chakula cha wanawe kimo mkononi mwa msimamizi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba alijitakia.

Isitoshe, haraka yetu haina subira hata kwa zege. Zege haliwi gumu kwa amri. Wataalamu hulipima nguvu baada ya siku 7, na tena baada ya siku 28. Anayeng'oa miti inayoshikilia dari mapema ili awahi orofa inayofuata anawawekea mtego walio chini na wapangaji watakaofuata. Hakuna mtambo wa kisasa utakaoiponya tamaa hiyo.

Wakandarasi hulalamika kwamba usalama ni ghali. Ni kweli, mikanda na kofia hununuliwa kwa fedha. Lakini jengo lililoporomoka pia lina gharama yake, na anayelipa kwanza ni mjane.

Wakaguzi wa serikali hawana budi kufika kwenye mjengo kabla ya maafa, na wawe na uwezo wa kuisimamisha kazi papo hapo. Msimamizi aliyepuuza onyo ashtakiwe yeye mwenyewe. Nao walimu, hasa wa vyuo vya ufundi, wasiwafunze vijana kuchanganya saruji na kusoma ramani tu; wawafunze pia haki zao na namna ya kukagua jukwaa kabla ya kulikanyaga. Wanafunzi wengi wamaliziapo kidato cha nne huanzia maisha katika mjengo wakitafuta karo. Wakienda huko bila kujua sheria inasema nini, tutakuwa tumewatuma vitani mikono mitupu.

Ajali isiyo na kinga ni ile ambayo hakuna aliyeiona ikija. Jukwaa linaloyumba huonekana na kila mtu.