Unaanza Afilieti? Ujumbe wa Kwanza Usiwe "Umetuma"

Tuseme ukweli mapema. Afilieti haitakuomosha kwa wiki moja, hata kama kuna mtu kwenye TikTok anakuonyesha salio lake na kuapa kwamba alianza juzi. Hii ni kazi ya udalali. Kenya tunawajua madalali vizuri: wa nyumba, wa mashamba, wa magari, wa ng'ombe. Dalali anamkutanisha mwenye mali na mnunuzi, na biashara ikiiva anapata chake. Afilieti ni udalali huohuo, ila umehamia mtandaoni. Duka linakupa linki yenye alama yako, unaisambaza, mtu akiibonyeza na kununua, wewe unalipwa kamisheni. Amazon ilianzisha mpango wake wa aina hii mwaka 1996, kwa hivyo biashara yenyewe ni halali na ina umri mkubwa kuliko vijana wengi wanaoiingia leo.

Shida ni kwamba jina lake limechafuliwa. Ndiyo maana sisi, watu wa malipo ya simu, tuna ushauri mmoja kwa anayeanza: kabla ya kuuliza utapata ngapi, uliza pesa inatoka wapi na inaenda wapi.

Soma ujumbe kwenye simu yako

Mwenye nyumba hamtozi dalali pesa ili amruhusu kumtafutia mpangaji. Vivyo hivyo, duka la kweli halikutozi ili uliuzie bidhaa. Kujiunga ni bure. Kwa hivyo ujumbe wa kwanza wa pesa unaohusu kazi hii unafaa kusema "Umepokea". Ukisema "Umetuma", iwe ni ada ya usajili, ya kufungua akaunti au ya kupanda daraja, simama hapo hapo. Umeshakuwa mteja wa mtu.

Tumeona haya yakitokea. Mwezi wa Februari 2022, programu iliyojiita Amazon Web Worker Africa ilizimika ikiwa na pesa za Wakenya wengi. Watu walikuwa wameweka pesa wakiahidiwa faida ya kila siku kwa kazi ndogo ndogo za kwenye simu. Kampuni ya Amazon yenyewe haikuhusika. Jina kubwa lilikuwa chambo tu.

Alama nyingine ya hatari ni kulipwa kwa kuleta watu badala ya kuuza bidhaa. Ukiambiwa "leta watu watano ndipo utoe pesa zako", hiyo ni piramidi, waiite watakavyo. Na hakuna mpango wowote wa kamisheni unaohitaji PIN yako. Hakuna kabisa.

Vipi kuhusu masomo ya kulipia? Maoni yetu ni kwamba anayeanza hayahitaji. Masharti ya kila mpango yameandikwa kwenye tovuti yake, bure. Mtu anayekuuzia somo la Sh2,000 kuhusu kuuza kwa linki, mwombe akuonyeshe anachouza mbali na somo lenyewe.

Piga hesabu ukiwa macho

Tuchukue mfano rahisi. Unatangaza blenda ya Sh3,000 na kamisheni ni asilimia 5. Kila blenda inakupa Sh150. Ukitaka kulipa kodi ya nyumba ya Sh6,000, unahitaji kuuza 40 kwa mwezi. Kama ni mtu mmoja tu anayenunua kati ya kila 50 wanaobonyeza linki, basi lazima linki yako ibonyezwe mara 2,000. Sasa ongeza bando: Sh50 kwa siku ni Sh1,500 kwa mwezi. Blenda kumi za kwanza zimelipia intaneti tu.

Hesabu hii isikukatishe tamaa. Ikusaidie kuchagua. Bidhaa ya bei kubwa kidogo, au huduma inayolipa kamisheni nzuri zaidi, inaweza kukupunguzia kazi kwa nusu. Lakini ichague ukiwa na kalamu mkononi, si ukiwa na ndoto ya mtu mwingine.

Pesa huchelewa, kwa hivyo usiikopee

Linki ina maisha yake. Mtu akiibonyeza, duka humkumbuka kwa muda fulani tu. Kwa Amazon, kwa kawaida muda huo ni saa 24. Sasa fikiria Mkenya wa kawaida: anaiona bidhaa tarehe 15, anaipenda, anasema atanunua mshahara ukiingia. Tarehe 30 akirudi dukani moja kwa moja, kamisheni yako haipo. Ndiyo maana tunasema tangaza watu wakiwa na pesa, mwisho wa mwezi, badala ya kupiga kelele mwezi mzima.

Hata baada ya kuuza, subiri. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha, kwa hivyo jasho la Januari unaliona karibu na mwisho wa Machi. Mnunuzi akirudisha bidhaa, kamisheni inafutwa. Tena, mwanachama mpya asipopata angalau mauzo matatu ndani ya siku 180, akaunti yake hufungwa. Na usijaribu kununua kupitia linki yako mwenyewe, hairuhusiwi.

Hapa ndipo tunakuwa wakali kidogo. Usichukue mkopo wa simu kuanzisha afilieti. Mkopo unadai baada ya wiki chache, kamisheni inakuja baada ya miezi. Ukilipia matangazo kwa pesa ya kukopa, deni litafika kabla ya kamisheni, na karo ya mtoto ndiyo itakayoumia.

Kabla ya kujisajili popote, tafuta majibu ya maswali manne: kamisheni ni asilimia ngapi, linki inadumu muda gani, kiwango cha chini cha kutoa pesa ni kipi, na malipo yanafikaje Kenya. Mpango unaolipa kwa njia usiyoweza kuipata ni kazi ya bure.

Uza unachokijua, kwa watu wanaokujua

Wanaoanza wengi husambaza linki 20 kwenye kila grupu la WhatsApp, kisha wanashangaa wakitolewa. Chukua kitu kimoja. Je, watu hukuuliza nini tayari? Kama wewe ni kinyozi, wanakuuliza kuhusu mashine. Kama unashona, wanakuuliza kuhusu cherehani. Mama anayeoka keki mtaani anajua ni mikroni ipi isiyoacha chembechembe kwenye unga na ni ovena ipi inayokula stima. Maneno mawili yake ya kweli yatauza kuliko mabango kumi ya kunakili.

Sema pia ubaya wa bidhaa. Sema wazi kwamba mtu akinunua kupitia linki yako unapata kamisheni. Amazon hudai utoe tamko hilo, lakini hata isingedai, jirani akigundua baadaye kwamba ulikuwa unalipwa kimyakimya, hatakuamini tena. Kwa dalali, jina ndilo duka.

Na KRA je?

Iko. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi wa Kenya wanaopata mapato kutokana na maudhui ya kidijitali, na uuzaji wa afilieti umetajwa humo. Weka rekodi tangu shilingi ya kwanza. Jumbe zako za malipo ni mwanzo mzuri, usizifute.

Wiki hii fanya hivi

Chagua bidhaa moja unayoitumia. Soma masharti ya mpango mmoja hadi mwisho. Andika maelezo mafupi kwa maneno yako, uyaweke kwenye stetasi mwisho wa mwezi, na uwajibu watakaouliza hata kama hawatanunua. Jipe miezi sita, na usiache kazi inayokulisha sasa.

Na kama tayari umemtumia mtu pesa na sasa una shaka, usione haya. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kabla hajazitoa. Kila dakika ina maana.