Mlevi wa Pombe Apelekwe Wapi?

Kijana anayetumia heroini Dar es Salaam leo ana pa kuanzia. Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadoni Februari 2011, huduma hiyo imefika Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani: Mbeya, Mwanza, Tanga, Dodoma. Hailipiwi. Mraibu anafika dirishani asubuhi, anapimiwa dozi yake ya maji kwenye kikombe, anainywa mbele ya mhudumu, kisha anakwenda kutafuta riziki bila arosto, yale mateso ya kukosa dawa. Nauli ya kila siku inawaumiza wengi, hilo halina ubishi. Lakini mlango unajulikana.

Je, baba anayekunywa gongo tangu alfajiri hadi usiku apelekwe wapi? Methadoni haimhusu, hiyo ni tiba ya uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Ndugu wakishachoka humfungia chumbani mpaka pombe imtoke, na hapo ndipo wanapoweza kumpoteza.

Arosto ya heroini inatesa sana, ila ni nadra kuua. Pombe ni habari nyingine. Mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka akiikata ghafla, ndani ya saa chache mikono hutetemeka na jasho humtiririka. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kwa degedege. Kufikia siku ya tatu huenda akawa anafukuza ukutani wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona, na nyumbani watasema amerogwa, aitwe wa kumwombea. Anachohitaji usiku huo ni kitanda cha hospitali, diazepamu inayotolewa kwa kipimo, vitamini B1 na muuguzi wa kumwangalia mpaka kuche. Akivikosa, anaweza kufa.

Nyumba za soba, wanakokaa waraibu wanaotaka kuacha, zina kazi yake, tena kubwa. Nyingi zinaendeshwa na watu waliopita njia hiyohiyo, na mraibu humsikiliza aliyewahi kulala kijiweni kama yeye. Hata hivyo, soba isiyo na muuguzi si mahali pa kumkatishia mtu pombe. Kabla ya kulipa ada, familia iulize: siku za kwanza nani atamwangalia? Akizidiwa mtampeleka hospitali gani? Tunaruhusiwa kumwona? Mkiona minyororo au fimbo, ondokeni naye.

Serikali ilipoamua kuhusu heroini, iliweza. Dawa za kumvusha mlevi ni za bei nafuu na si ngeni hospitalini. Kila hospitali ya wilaya itengewe vitanda na wauguzi waliofunzwa kazi hii.

Kwa dawa za kulevya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bila malipo kwa namba 119. Kwa pombe, mpelekeni mgonjwa wenu hospitali yenye kitengo cha afya ya akili kabla hajaacha kunywa, na mwambieni daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.